Nafasi ya Bibi pale Mutrah

Sababu ya safari yetu ilikuwa picha. Mtaani kwetu Kikwajuni wapo wanaosema tulikwenda Maskati kukimbia joto, na wapo wanaosema tulikwenda kula. Kula tulikula, sikatai. Lakini kilichotutoa Unguja ni picha moja ya Babu yangu, Seif, ambayo Bibi huiweka kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Kwenye picha hiyo Babu ni kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Amevaa shati la rangi nzito, amesimama kwenye barabara ya pwani ya Mutrah, na mkono mmoja ameuweka juu ya vyuma vinavyozuia watu wasianguke baharini. Wakati huo ndio kwanza wameoana, na yeye amekwenda Maskati kujaribu kazi. Picha yenyewe ni nyembamba kuliko picha nyingine za zamani, na upande mmoja umekwenda mshazari. Begani kwa Babu pana vitu vinne vyeupe vimejipanga kama maharage. Ukimuuliza, anasema ni mikunjo ya shati. Nyuma ameandika: "Salma, nafasi yako hii hapa pembeni yangu. Nakuja kukuchukua."

Hakuja kumchukua. Alikuja, akabaki. Akazaliwa baba yangu, wakazaliwa shangazi zangu, likafunguliwa duka, na Maskati ikawa hadithi ya baada ya chakula. Bibi hajapata kugomba kwa jambo hilo. Ila Babu akimuudhi, akisahau sukari au akiacha bomba linamwagika, Bibi humuuliza kwa sauti ya upole: "Ile nafasi yangu bado ipo, au ushampangisha mtu?"

Mwaka huu baba na shangazi zangu walichangishana, wakawakatia tiketi wende wakatembee, wawili tu, msimu wa baridi wa huko. Mimi niliongezwa mwishoni kwa sababu skuli imefungwa na najua kutumia simu. Babu aliongeza sababu ya tatu. "Na huyu hasemi," alisema. "Hatatutia aibu kwa watu." Ni kweli kwamba sisemi sana. Maneno yangu mengi nayaandika, na mengine yanaishia kooni.

Siku ya kuondoka, Babu alitoka chumbani amevaa koti. Si koti la kawaida. Ni koti zito la mtumba kutoka Darajani, shingoni lina manyoya, na likikaa juu ya kiti unadhani kuna mtu. Dada yake, Bi Zuwena, anayekaa Maskati tangu ujana wake, alimwambia kwenye simu kwamba huko sasa baridi.

"Lakini bado tuko Unguja," Bibi alimwambia. Jasho lilikuwa linamtiririka Babu mpaka kidevuni.

"Nnalizoea," Babu akasema.

Kwenye ndege alikaa nalo. Bibi alikaa dirishani, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ile picha aliyoifunga kwenye leso. Nilijua imo kwa sababu kila baada ya muda aliutia mkono mkobani, akaugusa ule mfuko wa leso, akautoa mkono.

Tulipofika Maskati na mlango wa uwanja ukafunguka, lilikuwa jua zuri la asubuhi, na upepo kama wa kwetu mvua ikishapita. Bibi akamtazama Babu kuanzia manyoya hadi viatu. Bahati ya Babu, mpwa wake Ami Nassor, mtoto wa Bi Zuwena, alikuwa amekuja kutupokea amevaa sweta na kofia ya sufu. "Leo baridi kali, Mjomba," alisema, akisugua mikono. Babu akageuka kutuangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Njiani nilitazama majabali. Hayana mti hata mmoja, rangi yake kama mkate uliozidi moto, na nyumba nyeupe zimekaa chini yake kimya. Nilitaka kumwambia Ami Nassor kwamba ni mazuri. Nikayapiga picha tu.

Bi Zuwena anakaa Darsait, kwenye nyumba ya ghorofa juu ya duka la mshonaji. Alitupokea ngazini kwa udi na machozi, akatukalisha, na kabla hatujamaliza kahawa kulikuwa na mkate wa ufuta, samaki, wali, na halua inayong'ang'ania kijiko. Mimi aliniuliza nasoma darasa la ngapi. Nikamwonyesha vidole vitatu.

"Huyu anasema?" akamuuliza Bibi.

"Anasema akitaka," Bibi akajibu. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Wifi, hiyo Mutrah ni upande gani khasa?"

Bi Zuwena akaelekeza mwiko dirishani. "Hapo tu, nyuma ya jabali hilo. Ukipiga chafya huku wanakwambia yarhamukallah kule." Akampakulia wali mwingine. Bibi akashukuru, akala. Lilikuwa ndilo ombi lake lote. Mtu anayemjua Bibi angelisikia. Bi Zuwena aliona ni swali, akalijibu.

Usiku huo ratiba ikapangwa, na haikupangwa na sisi. Wasomaji wa nyumbani wanajua desturi yetu: mtu akitoka safari, hatembei kwa raha kabla hajakwenda kutoa pole kwa ndugu waliofiwa alipokuwa hayupo. Babu hajafika Maskati tangu ujana wake. Hebu fikirini wenyewe watu waliokufa. Bi Zuwena aliwahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza na vya Ami Nassor.

"Kwanza pole," alisema, "kisha mtatembea."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Al Khoud. Alasiri tukaenda Seeb. Siku ya pili Amerat, na siku ya tatu tukarudi Seeb kwa watu wengine, maana waliofiwa walikuwa wamehamia huko kwenye nyumba mpya kubwa, mbali na pwani. Kila asubuhi gari ya Ami Nassor ilitoka Darsait ikalipa mgongo lile jabali, na kila asubuhi Bibi aligeuza shingo mpaka likapotea.

Hotuba ya pole ya Babu ilikuwa moja. Sisi wanawake tulikaa chumba chetu, lakini tulimsikia vizuri kwenye majlisi ya wanaume. "Marehemu alikuwa mtu wa watu," akisema, sauti ikitetemeka. "Hakuwa na makuu. Mlango wake haukufungwa." Na analia kweli, Babu hana machozi ya bandia. Tatizo ni kwamba wengine hakuwajua hata sura. Seeb, mjane mmoja aliyekaa karibu nami alimsikiliza mpaka mwisho, akapaza sauti kupitia pazia: "Bwana Seif, mume wangu mlango akiufunga kwa makufuli mawili. Lakini ahsante."

Jioni garini Bibi aliniuliza pole pole: "Mwanangu, leo tumeona nini Maskati?"

"Mazulia," nikamjibu.

"Ya leo mekundu," akasema.

"Ya jana yalikuwa na maua."

Akacheka bila kutoa sauti, mabega yakimtikisika. Kisha akautia mkono mkobani, akagusa leso. Mimi nikaanza kuogopa. Siku zilikuwa zinakwisha, na Babu kila akifungua mdomo kusema "Labda kesho twende..." dada yake alishajaza kesho.

Siku ya mwisho ilifika hivyo hivyo. Ndege yetu ilikuwa baada ya magharibi. Bi Zuwena aliamka mapema kupika chakula cha kutuaga, mbuzi mzima, na amealika ndugu waje wale nasi mchana. Babu alikuwa anakunywa chai, koti mwilini.

"Imebaki nyumba ya Khalfan," alisema, na uso ukamwanguka.

"Ya Khalfan lazima," Bi Zuwena akasema kutoka jikoni. "Kwa Khalfan huwezi kukosa. Mwende sasa hivi, Nassor atakupelekeni, mrudi mle."

Khalfan alikuwa rafiki wa Babu tangu utoto. Walikwenda Maskati pamoja, Babu akarudi, yeye akabaki. Miezi michache iliyopita picha yake ilitokea kwenye kundi la simu la ukoo, chini yake dua ndefu, na watu wakaitikia amin. Babu alitupa simu kitandani, akalia. Bibi alimwambia avae miwani asome vizuri. "Picha ya mtu na dua, unataka nisome nini tena?" Babu alisema. Alimsomea khitma msikitini kwetu, wakala wali kwa kuku.

Khalfan anakaa Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojificha kwenye ghuba, majabali pande zote. Barabara inapanda, inashuka, na ghafla maji yanaonekana chini. Bibi alikaa wima. Ndiyo mara ya kwanza kuiona bahari ya Maskati. Ami Nassor alituteremsha mlangoni, akasema anakwenda kuchukua soda za wageni, atarudi kutufuata.

Babu akabisha hodi. Alikuwa ameshatoa leso, ameshaanza kulia. Mlango ulipofunguka, alikuwa ameinamisha kichwa na hotuba inatoka.

"Poleni sana. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na makuu. Mlango wake..."

Aliyefungua ni mzee mrefu mwenye kanzu iliyokunjwa mikono na kisu cha kuparia samaki. Alisikiliza hotuba yote kwa adabu. Ilipokwisha akasema: "Amin. Marehemu nani, Seif?"

Babu akainua kichwa. Sijapata kumuona mtu akibadilika rangi namna ile. Bibi akanishika mkono. Yule mzee akamtazama Babu, akatazama leso, akatazama koti, na nikaona anaelewa taratibu.

"Mimi?" akauliza.

"Picha," Babu akasema. "Dua. Watu wakaitikia amin."

"Nilipasuliwa goti, yakhe. Waliniombea nitembee."

Bibi akasema: "Nlimwambia avae miwani, shemegi."

Babu Khalfan akamkumbatia Babu, kisu mkononi, na wazee wale wawili wakalia mlangoni, mmoja kwa furaha na mwingine nadhani kwa aibu. Nikakumbuka kwamba kwenye vidole vya Bi Zuwena Khalfan hakuwamo; kumbe yeye alidhani tunakwenda kumtazama mgonjwa. Tulipoingia ndani na kahawa ikaja, Babu Khalfan alikuwa na maswali.

"Khitma mlinisomea?"

"Tulikusomea."

"Watu walijaa?"

"Walijaa mpaka barazani."

"Mlipika nini?"

Babu akanywa kahawa kwanza. "Kuku."

"Kuku," Babu Khalfan akarudia, akiweka kikombe chini. "Nimekufa mimi, Seif, mara moja tu, ukanipikia kuku."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na katika kutafuta leso mkobani akaitoa ile yenye picha. Babu Khalfan akaiona. Akauliza hiyo nini. Bibi hakufungua. Alisema tu, "Ni kitu cha Mutrah, shemegi, lakini leo tunaondoka, hatukujaaliwa." Akaangalia zulia.

Sijui nini kilinipata. Labda ni lile zulia. Nikasema: "Bibi anataka kwenda Mutrah na Babu. Kila siku anataka. Hakuna anayempeleka."

Wote watatu wakageuka kunitazama, kama birika ndilo lililosema.

Babu Khalfan akasimama, goti likalia. "Mimi nishatolewa pole," akasema. "Nyumba yangu haina haki tena juu yenu. Yalla, garini."

Gari yake ni kuukuu na inanuka samaki, na Babu na koti lake walijaza kiti cha mbele. Tulikuwa tumepita Al Bustan simu ya Babu ikalia. Ni Bi Zuwena. Babu akaitazama kama inauma, akampa Bibi. Bibi akanipa mimi. "Sema wewe," akanong'ona. "Leo umeanza."

"Mko wapi?" Bi Zuwena akauliza. "Nassor kafika Qantab kakuta mlango umefungwa. Nyama iko tayari, watu wanakuja."

"Tunakwenda Mutrah," nikasema.

"Mutrah kuna msiba wa nani?"

"Hakuna msiba. Bibi anataka kusimama na Babu pale penye vyuma, wapige picha. Ndilo lililomleta Maskati. Tangu siku ya kwanza."

Nikasikia sufuria linafunikwa.

"Mbona hakusema?"

"Alikuuliza Mutrah iko upande gani."

"Na mimi nikamjibu," Bi Zuwena akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha: "Na chakula changu?"

Hapo nilitaka kumrudishia Bibi simu. Lakini nikajisikia nasema: "Si kinabebeka?"

Simu ikakatwa. Babu akasema tumekwisha.

Mchana Mutrah hung'aa. Barabara inafuata bahari kama mshipi, upande mmoja nyumba nyeupe zenye roshani, upande mwingine maji, na ndege weupe wa baharini wamejaa juu ya vyuma. Bibi aliteremka garini, akasimama kwanza, hakwenda popote. Kisha akaifungua leso.

"Vyuma si vile vya zamani," Babu Khalfan akasema akiishika picha, "lakini mnara ule juu ya jabali ndio huo huo. Tafuteni mnara." Akaanza kutupanga. Nirudi nyuma, nisogee kushoto, mnara ukae juu ya kichwa cha Babu. "Hapo hapo, Seif. Wewe ulisimama hapo." Akapiga hatua moja, akasimama pembeni yake. "Na mimi nilisimama hapa."

Bibi akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Tulipiga pamoja." Akaigeuza picha juani, akaisogeza karibu na macho. "Mbona simo?"

Babu akaanza kuwaangalia wale ndege kama mtu aliyeletwa kuwachunga.

Babu Khalfan akaweka mkono wake begani kwa Babu. Vidole vinne vikajipanga juu ya koti. Bibi akaichukua picha, akatazama bega, akatazama vidole, akatazama ule upande uliokwenda mshazari.

"Mikunjo ya shati," akasema.

"Salma," Babu akasema.

"Umri wangu wote nnaitunza mikunjo ya shati."

Hakuna aliyecheka. Niliona Bibi anaikunja leso, mara mbili, mara nne, na nikafikiri: imekwisha, tumekuja mpaka hapa na nafasi si yake.

"Ulimkata kwa nini?" akauliza.

Babu akamgeukia. "Picha ilikuwa moja. Khalfan nlikuwa nnamuona kila siku, tunalala chumba kimoja, ananikoromea. Wewe ndiye nlikuwa sikuoni." Akaangalia viatu vyake. "Mkasi niliazima kwa kinyozi."

Upepo ukampeperusha Bibi mtandio, akaushika.

"Vua koti hilo," akasema mwishowe. "Kwenye picha huna koti."

Babu akalivua. Chini alikuwa na shati la rangi nzito, na nikaelewa kwamba siku zote hizo alikuwa amejitayarisha, kila asubuhi, endapo siku hiyo ndiyo. Koti alinipa mimi nilishike. Bibi akaenda pembeni yake, mahali alipokuwa amesimama Babu Khalfan, akaweka mkono juu ya chuma.

Babu Khalfan alikuwa anajiondoa. "Unakwenda wapi, shemegi?" Bibi akamwambia. "Zunguka upande ule. Na vidole virudi pale pale."

Nilipiga picha hiyo mara nyingi. Katika ile iliyo nzuri Bibi haangalii simu. Anamwangalia Babu kwa pembe ya jicho, na Babu anajifanya haoni.

Tulikuwa bado tuko hapo gari ya Ami Nassor ilipotokea, na nyuma yake gari nyingine za ndugu. Bi Zuwena akateremka na sufuria limefungwa kwa kanga. Babu akarudi nyuma hatua moja. Dada yake hakumwangalia. Alikwenda kwa Bibi, akamshika kiganja.

"Wifi, unanipikisha mbuzi mzima kwa kuwa huna mdomo?"

"Nilikuwa nala, wifi," Bibi akasema. "Mdomo ulikuwa na kazi."

Tulitandika mikeka bustanini Riyam, chini ya kile chetezo kikubwa kama nyumba kilichojengwa juu ya jabali. Bibi aliuliza udi wake unatoka wapi, na nani anaupuliza. Tukala. Mwishoni Bi Zuwena aliondoka peke yake, akavuka barabara, akaenda kusimama penye vyuma, akarudi kuniita kwa kidole. "Napita hapa kwa gari toka Nassor yuko mdogo," akaniambia. "Sijapata kuteremka. Nipige na mimi. Na jabali lionekane."

Magharibi tuliagana uwanjani. Koti la Babu lilibaki kwa Ami Nassor, aliyelipenda kweli. Kwenye ndege Babu alilala begani kwa Bibi, na Bibi hakuutia mkono mkobani hata mara moja.

Sasa tumesharudi Kikwajuni. Babu ilimbidi aende msikitini kuwaeleza watu kwamba yule waliyemsomea khitma anaendelea vizuri. Wamemwambia alipe shukrani, na safari hii wanataka mbuzi. Babu Khalfan hutuma ujumbe wa sauti kila Ijumaa kuuliza kama tayari amechinjwa.

Mimi nilichojifunza ni kidogo. Ukiwa mgeni na una jambo unalitaka, litaje siku ya kwanza, kabla wenyeji hawajaosha mchele. Nimeanza kujaribu. Jana niliomba nibadilishiwe kitanda, nikabadilishiwa.

Picha mbili sasa ziko ukumbini, fremu moja, ya zamani na mpya. Babu ameshasema kwamba ile mpya imezidi upana, ingefaa ipunguzwe upande mmoja. Bibi alimjibu kuwa mkasi ameuficha. Na jirani wakija, wakauliza yule mzee mrefu aliyeweka mkono begani kwa Babu ni nani, Bibi hummiminia mtu kahawa kwanza.

"Huyo," husema, "ndiye marehemu aliyetutembeza."